Tai Chini ya Karatasi

Nyumbani,
12 Januari

Mwanangu,

Barua yako ya kufungua shule nimeipata. Umeandika kurasa tatu, na katika hizo tatu hukuniambia kama godoro ulilopewa lina kunguni au halina. Mwalimu wako wa lugha anakufundisha vizuri, lakini mimi ni mama yako. Naanzia kwenye godoro.

Huku kuna jambo. Wale washindani wetu wa angani, Njano, wametumaliza. Nauli yao ni nusu ya yetu, na watu waliokuwa wakivaa suti kupanda ndege zetu sasa wanapanda zao na kandambili, mikoba magotini, wanacheka. Wakubwa wetu wamekaa, wamewaza, wakasema basi na sisi tuzae mtoto. Shirika linaanzisha shirika dogo la nauli nafuu: ndege tatu, viti vimebanana, chai ya kununua. Hata halijaruka tumeshalibatiza. Kifaranga.

Wanatafuta wahudumu wa kuhamia huko, na mimi wananitaka niwe mkuu wao. Lakini ukihamia unajiuzulu Shirika kwanza. Namba yako inatunzwa miezi sita. Ndani ya miezi hiyo ukiona hapakaliki, unaandika barua, unarudi kwenye namba yako. Ukipitisha siku moja, huna namba, wewe ni mgeni kama aliyeingia jana.

Unajua namba ni nini kwetu. Mwenye namba ndogo anachagua safari, anachagua likizo, na siku ya kupunguza watu yeye anatazama wenzake wakipunguzwa. Miaka ishirini na minne imenifikisha namba mbili. Namba moja ni Mkuu wa Wahudumu, naye anastaafu Oktoba. Namba tatu unamjua, ni mdogo wangu. Tuliingia kazini siku moja, na walioingia siku moja hupangwa kwa umri.

Nadhani nitakataa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Niandikie kuhusu godoro.

Mama yako


Bweni la Wasichana,
20 Januari

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima. Nimekuwa wa pili katika jaribio la insha, na aliyenishinda amenishinda kwa mwandiko tu.

Nakuandikia bila Mama kujua. Najua hamsemezani tangu siku ile alipokuwa kiongozi wa safari akakuandika kwenye daftari kuwa umechelewa dakika nne, ukaondolewa angani ukawekwa ofisini kupanga zamu. Nilikuwapo siku Bibi alipomuuliza, "Umemwandika mdogo wako?" Mama akajibu, "Nimemwandika mhudumu aliyechelewa." Sikupendezwa, ila nilikuwa mdogo.

Mama ameitwa kwenye Kifaranga, awe mkuu. Anataka kukataa kwa sababu ya namba. Wewe uko ofisini, unayaona makaratasi yote. Je, ni nafasi nzuri? Nitaamini utakachosema.

Pia naomba Mungu siku moja mzungumze.

Mtoto wako,
Kalamu


Ofisi ya Wahudumu,
27 Januari

Kalamu wangu,

Marahaba. Umenifurahisha kuniuliza mimi. Wa pili si haba. Mimi nimekuwa wa tatu maisha yangu yote na bado nala.

Mwambie mama yako akubali. Kifaranga kitakua, wakubwa wana mipango nacho ya miaka. Akibaki huku anasubiri mtu mmoja astaafu. Akienda kule ni mkuu tangu asubuhi ya kwanza. Mtu ana miaka arobaini na sita. Atangoja mpaka lini?

Ila usiseme ni mimi. Unamjua. Dawa akijua imetoka mkononi kwangu ataitema hata kama anakufa. Iwe barua yako, kwa maneno yako, maana wewe unaandika kutuzidi sote. Mwishoni tu, mwandikie hivi, neno kwa neno: "Wewe tangulia, sisi tutashika taa." Ni maneno mazuri, yatamgusa.

Kuhusu kuzungumza: kila kitu na wakati wake.

Mama yako mdogo


Bweni la Wasichana,
2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Godoro halina kunguni, lina shimo katikati, nalala pembeni.

Nimefikiri sana juu ya Kifaranga na nimepanga hoja zangu kuanzia nyepesi hadi nzito, kama tulivyofundishwa. Kwanza, utakuwa mkuu tangu siku ya kwanza badala ya kusubiri. Pili, una miezi sita ya kurudi ukitaka, kwa hiyo huruki bila mwavuli. Tatu, na hii ndiyo nzito, umebeba trei kwa amri za watu wengine tangu kabla sijazaliwa, na ningependa kukuona ukitoa amri zako mwenyewe, maana nyumbani unazitoa vizuri.

Usiogope, Mama. Wewe tangulia, sisi tutashika taa.

Mwanao


Nyumbani,
16 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Hasa mwisho wake.

Nimesaini. Tunaanza kuruka tarehe moja Machi, na mlango wa kurudi uko wazi hadi tarehe thelathini na moja Agosti.

Jana nilipita karakana kuziona ndege zetu. Unamkumbuka Fundi Rangi, yule mzee aliyekupaka pua rangi ya buluu ulipokuwa na miaka mitano? Nimemkuta amekaa juu ya debe, amenuna. Nikamwambia, "Baba, mbona kama umefiwa?" Akasema, "Bora ningefiwa, ningepewa ruhusa." Kumbe amekatazwa kupaka rangi. Amepewa marobota ya karatasi ya gundi, abandike. Yule tai wa Shirika aliye mkiani hakukwanguliwa hata ukucha; amefunikwa tu na karatasi yenye kifaranga wa rangi ya machungwa anayecheka. "Miaka thelathini na moja napaka ndege," ananiambia, "leo nabandika kama mtoto anayejalidi madaftari." Nikacheka mpaka akanifukuza.

Ziba hilo shimo la godoro kwa blanketi la zamani, lile la kijani.

Mama yako, Mkuu wa Vifaranga


Nyumbani,
19 Mei

Mwanangu,

Samahani kwa kimya. Tunaruka mara sita kwa siku, na kati ya safari na safari tuna dakika ishirini na tano, ambazo ndani yake sisi wahudumu ndio wafagizi pia. Mimi niliyekuwa nikimimina chai kwenye vikombe vya kaure sasa nauza maji na biskuti, kitabu cha risiti kikining'inia shingoni. Juzi bwana mmoja alikataa kulipia begi la pili. Akalifungua pale pale mlangoni, akavaa mashati manne na makoti mawili, akaingia kama kabati linalotembea. Mwenzake akaniuliza, "Na dirisha nalo mnauza, au kutazama ni bure?" Nikamwambia leo bure, kesho sijui.

Ndege zinajaa. Kila Njano wanapopanga kuondoka, sisi tumepangwa kuondoka dakika kumi kabla yao, kwa nauli chini yao. Hatuachi hata safari moja yao. Anayepanga ratiba hiyo ana roho ngumu, na unamjua.

Lakini kuna jambo linanikereketa. Fundi Rangi alinishika mkono wiki iliyopita, hakuwa anatania. Alisema, "Mama, kitu cha kukaa hupakwa. Kinachobandikwa ni cha kubanduliwa." Nimelala na maneno hayo siku nne. Bado nina zaidi ya miezi mitatu ya kurudi. Nafikiria kuandika barua.

Wewe unaonaje? Mara iliyopita uliona vizuri.

Mama yako


Bweni la Wasichana,
27 Mei

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nitakuwa mfupi kwa sababu kengele ya maktaba italia.

Mama anataka kurudi Shirika. Fundi Rangi amemwambia kuwa ndege za Kifaranga zimebandikwa karatasi badala ya kupakwa rangi, na kitu kinachobandikwa ni cha kubanduliwa. Je, ni kweli? Kama kuna hatari naomba uniambie nimwahi, bado ana muda.

Mtoto wako,
Kalamu


Ofisi ya Wahudumu,
5 Juni

Kalamu,

Marahaba. Umenichekesha. Rangi ya ndege nzima ina uzito wa watu kadhaa wanene, mwanangu. Karatasi ni nyepesi, na ndege nyepesi hunywa mafuta kidogo. Nauli nafuu hiyo inatoka wapi, unadhani? Mzee anaona kazi yake inakwenda, anatisha watu. Muulize mama yako kama mzee huyo aliwahi kusifu kitu chochote kilichokuja baada yake.

Akirudi sasa atasemwa ameshindwa. Unataka asemwe?

Kama kawaida, mimi sikusema kitu.

Mama yako mdogo


Bweni la Wasichana,
12 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeuliza na kutafuta, na nimepata jibu. Rangi ni nzito sana, lakini karatasi ni nyepesi, na ndege nyepesi hunywa mafuta kidogo. Ndiyo maana walibandika. Fundi Rangi anahuzunika kwa sababu kazi yake inapungua, na ninamwonea huruma, lakini huzuni yake isikufanye urudi ukasemwa umeshindwa.

Baki, Mama. Nimekuwa wa kwanza katika insha safari hii.

Mwanao


Nyumbani,
25 Agosti

Mwanangu,

Hongera tena kwa insha. Nimeibandika jikoni. Kwa gundi, ndiyo, usinicheke.

Njano wamekufa. Ijumaa asubuhi walizima taa za kaunta yao, wakaacha abiria wamesimama na mabegi. Wakubwa wetu walitukusanya, wakatupa keki, wakatuambia tupige makofi. Tukapiga. Nilipotoka nilimkuta mhudumu mmoja wa Njano, mwanamke wa rika langu, anatembea soksi tupu kwenye sakafu ya uwanja, viatu vya njano mkononi, kwa kuwa sare zote zilitakiwa kurudishwa siku hiyo hiyo. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka. Nakuambia kwa sababu nimekulea usifiche.

Barua yangu ya kurudi nilikuwa nimeiandika, iko kwenye mkoba tangu Julai. Leo nimeichana. Mshindani hayupo, ndege zimejaa. Sasa ndipo Kifaranga kitaota manyoya. Ulisema nibaki na ulisema kweli.

Mama yako


Nyumbani,
5 Septemba

Mwanangu,

Kaa chini usome.

Jana, tarehe nne, saa tatu asubuhi, tulibandikiwa tangazo mlangoni: Kifaranga kinafungwa. Kazi iliyokileta duniani imekwisha. Kufika saa nane Fundi Rangi alikuwa juu ya ngazi anabandua mkia wa ndege ya kwanza. Ilimchukua mchana mmoja. Tai alikuwa chini yake vile vile, anang'aa, hakupata hata mkwaruzo. Mzee hakunitazama.

Nilikwenda Ofisi ya Wahudumu. Mdogo wangu alikuwa peke yake mezani. Hatujasemezana miaka minane. Nikamwambia nimekuja kuomba kurudi kwenye namba yangu. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye tarehe kama mwalimu anayemwonyesha mtoto herufi. Akasema, "Dada, mlango ulifungwa tarehe thelathini na moja. Umechelewa siku nne." Kisha akasema, "Mimi nilichelewa dakika nne."

Nikamwomba. Ndiyo, nilimwomba, nikasimama kama abiria. Akasema, "Sikuandiki wewe, dada. Namwandika mhudumu aliyechelewa."

Alipogeuka kuchukua fomu nikaona ratiba iliyokuwa chini ya mkono wake. Ni ya Septemba. Zile ndege tatu za Kifaranga zimeshapangiwa safari za Shirika, moja moja, saa kwa saa. Ratiba huwekewa tarehe siku inapopigwa chapa. Ile imepigwa chapa tarehe kumi na nane Januari.

Viatu vya machungwa nimevirudisha. Nimekuja nyumbani kwa kandambili.

Mama yako


Bweni la Wasichana,
11 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimeiandika barua hii mara tano na nyingine zote nimezichana. Sina hoja za kupanga.

Ni mimi. Januari nilimwandikia Mama Mdogo nikamuuliza, naye akanijibu tarehe ishirini na saba, siku tisa baada ya ratiba ile. Yeye ndiye aliyesema ukubali. Yale ya rangi kuwa nzito ni yake. Yale ya kushika taa pia ni yake, aliniambia niyaandike neno kwa neno, nami nikayaandika nikaona yanapendeza. Aliniambia nisikutajie, nikatii. Nilikuwa na ndoto kwamba siku moja ningewaambia nyote wawili kuwa mlisaidiana bila kujua, na mngecheka.

Barua zake ninazo. Ukitaka nitakutumia uwaonyeshe wakubwa.

Nisamehe.

Mwanao


Nyumbani,
19 Septemba

Mwanangu,

Usilie juu ya karatasi, wino unatawanyika, na miwani naigharimia mimi.

Barua zake kaa nazo. Wakubwa ndio waliopanga. Utawaonyesha nini wasichokijua?

Sasa nikuambie ambalo hukulijua wewe. Tulipokuwa wadogo choo kilikuwa nje, nyuma ya nyumba, na mdogo wangu alikuwa mwoga wa giza. Alikuwa akiniambia, "Wewe tangulia, mimi nitashika taa." Kila siku. Mimi mbele gizani, yeye nyuma na taa. Duniani hakuna mwingine anayeyajua maneno hayo. Nilipoyaona mwishoni mwa barua yako nilijua mkono ni wako na mdomo ni wake. Nikasema moyoni, kumbe amenisamehe, ila anaona haya kuja mwenyewe. Ndiyo maana nilisaini, na ndiyo maana nilibaki. Hoja zako tatu, mwanangu, zilikuwa nzuri, lakini nilizisoma baadaye.

Naye alijua kuwa nitayatambua. Hapo ndipo panaponikaba.

Jumatatu niliingia darasani. Wamenichukua kama mgeni, namba mia moja na themanini na sita, ya mwisho. Nimevaa beji iliyoandikwa NAJIFUNZA. Anayetufundisha kumimina chai nilimfundisha mimi. Kabla ya kunisahihisha ananiomba radhi. Wasichana wananiamkia shikamoo halafu wananipita mlangoni, maana namba zao ni ndogo kuliko yangu. Oktoba Mkuu wa zamani anaondoka, na Mkuu mpya unamjua.

Umeniomba nikusamehe. Leo siwezi. Njoo likizo, nikikuona uso nitaweza.

Mama yako


Bweni la Wasichana,
6 Oktoba

Kwa Mkuu wa Wahudumu,

Shikamoo, Mama Mdogo. Hongera kwa cheo. Nimesikia kuwa sasa wewe ni namba moja.

Sikuandikii kukulaumu. Mwalimu wetu anasema barua ya hasira ilazwe siku tatu kabla ya kutumwa; hii nimeilaza kumi na moja, na nimeondoa kila neno nililoona linauma makusudi. Nimeacha yale tu ninayofikiri hukuambiwa.

Mama hakusaini kwa sababu ya barua yangu. Alisaini kwa sababu alikusikia wewe ndani yake. Aliposoma maneno ya taa alifikiri umemsamehe na unaona haya kumwambia. Pengine hilo ulilijua tangu mwanzo. Ambalo hukulijua ni kwamba mwezi Julai aliandika barua ya kurudi akatembea nayo kwenye mkoba wiki nyingi, na mlango wa ofisi yako ulikuwa wazi, na kila alipoufikia alikumbuka kuwa ni wewe uliyemwambia aende, akageuka.

Tarehe kumi na nane ana safari yake ya kwanza na beji yake ya kujifunza, na ratiba inaonyesha kiongozi wa safari ni wewe. Ameniandikia kuwa atafika nusu saa mapema. Tafadhali uwepo.

Nilimuuliza jambo moja, kwa kuwa nilitaka kujua kabla sijakutumia barua hii. Nilimuuliza kama utotoni, yeye akiwa mbele gizani na wewe nyuma, uliwahi kuizima taa hata kwa utani.

Amenijibu kwa mstari mmoja. Anasema hata siku moja.

Kalamu